Mtoto Wangu wa Kilo Themanini na Mbili

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, au aliyefungiwa vitumbua ndani yake kabla hajalisoma, nakumbusha kwa ufupi.

Mimi ni Nassibu, refa mstaafu wa hapa Bungu, umri miaka sitini na nne. Nilikwenda Dar kutolewa tezi dume iliyoingia saratani. Mtaani niliaga kwamba nakwenda kupasuliwa ngiri, maana ngiri ni ugonjwa wa heshima, kila ukoo unao wake. Daktari alifanya kazi yake vizuri. Saratani ilitoka, ila ilitoka na koki.

Tangu siku hiyo mkojo wangu hauombi ruhusa. Nikicheka, unakuja. Nikipiga chafya, unakuja. Jumamosi iliyopita niliwaacha nikiwa uwanjani Umwe, katikati ya mechi ya heshima, bukta imelowa, nami nawaambia wachezaji ishirini na wawili kwamba chupa ya maji imenipasukia mfukoni.

Walioniamini walikuwa wawili. Wote makipa, na walikuwa mbali.

Kesho yake nikaenda kituo cha afya kwa Sista Petronila, yule muuguzi anayenichoma sindano ya kila miezi mitatu ya kuuzuia ugonjwa usirudi.

"Baba Nassibu, hayo huwapata wengi baada ya upasuaji kama wako," akaniambia. "Kwa wengi yanapungua taratibu. Fanya mazoezi ya kubana. Na kwa sasa, vaa pampasi."

"Mazoezi gani hayo?"

"Bana kama unayezuia upepo mbele ya wakwe. Hesabu mpaka kumi, achia. Rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni."

Nikawa nabana. Nabana nikinywa kahawa, nabana nikichambua mchele. Tatizo langu ni kwamba huku chini kukibana, na uso nao unabana. Mtu ananisimulia msiba, ananiona nilivyojikunja, anasema refa ana huruma. Mwingine akaja kunialika harusi ya bintiye, akanikuta kwenye kumi la pili. Aliondoka kanuna.

Hilo la kubana nililiweza. La pampasi ndilo lililonimaliza.

Pampasi za wakubwa zinapatikana Kibiti mjini. Siku ileile nikaenda, nikaingia duka moja la dawa, nikamnong'oneza muuzaji. Akageuka, akapaza sauti kuelekea stoo:

"Za wakubwa zimebaki? Kuna mzee hapa anavuja!"

Nilitoka bila kuaga. Nikarudi Bungu, nikaingia kwa Shamsia.

Shamsia ana miaka kama arobaini, aliachika zamani, ana duka pembeni ya barabara kuu. Mwaka jana alifunga duka miezi sita akaenda Umwe kumuuguza mama yake. Aliporudi alikuta posa inamsubiri. Aliyeposa ni Haruni, kaka wa mke wangu, fundi wa mashine za boti kule Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, mgane wa miaka hamsini na tisa.

"Naomba pampasi," nikamwambia Shamsia.

"Za mjukuu?"

"Eeh. Za mjukuu."

"Ana kilo ngapi?"

"Themanini na mbili."

Ilinitoka tu. Sista Petronila alikuwa amenipima asubuhi ileile.

Shamsia akanitazama. Mimi nikatazama sukari. Hakucheka. Alishusha pakiti kubwa kuliko zote, akaifunga kwa gazeti, akasema kwa sauti ya chini:

"Hizi ndizo kubwa nilizonazo, Refa. Kata mpira wa pembeni kwa mkasi, uipachike ndani ya chupi. Baba yangu alikuwa hivyo miaka yake ya mwisho, nilikuwa namkatia mimi. Usijali. Cha mteja hakitoki dukani."

Nikaenda nyumbani na pampasi zenye picha ya bata. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali, nilikaa kwenye kiti cha mtu bila hofu.

Amani hiyo ilidumu wiki tatu.

Bungu haina siri, ina subira tu. Vijana wa bodaboda walio mbele ya duka la Shamsia waliniona naingia kila Jumatatu na kutoka na kifurushi kwapani. Siku moja gazeti likachanika. Bata akachungulia.

Saidy, mkubwa wa kijiwe kile, akapiga hesabu mbele ya wenzake. Refa hana mtoto mchanga. Bintiye Salima yuko Dar na wanaye wamekwisha kuanza shule. Shamsia alipotea miezi sita Umwe, akarudi kanenepa. Refa, ambaye miaka yote alisali safu ya mbele, sasa anasali nyuma kabisa karibu na mlango, macho mekundu.

Macho yalikuwa mekundu kwa sababu naamka mara nne usiku kubadilisha bata. Na mlangoni nilihamia baada ya kumuuliza sheikh wetu, akanieleza kwamba mwenye dharura kama yangu anatawadha upya kila wakati wa sala unapoingia. Lakini Saidy hakuhitaji kumuuliza sheikh. Alikwishapata jibu.

"Refa ana mtoto Umwe," akatangaza. "Kazaa na Shamsia."

Sasa hapa, wasomaji wangu, ndipo penye aibu yangu ya kweli. Ile ya bukta ilikuwa utangulizi.

Nilipopita kijiweni jioni ile, vijana wote walisimama. Walisimama kwa heshima. Saidy akanipa kiti chake.

"Refa, shikamoo. Tufundishe, mzee wetu. Unakula nini?"

Nilikuwa nina kila nafasi ya kukanusha. Nilikuwa mtu ambaye jogoo wake hapandi mtungi tangu mwezi wa tatu, mtu anayetokwa jasho la ghafla kama mama mtu mzima, mtu aliyelia juzi redio ilipotangaza matokeo ya timu ambayo hata haishabikii. Na hapa kijana wa miaka ishirini na tano ananiuliza siri ya nguvu zangu.

Nikakohoa. Nikabana.

"Supu ya pweza," nikasema.

Kwa siku nne pweza hakuonekana Bungu. Wauzaji walikuwa wakimwagiza bandarini Nyamisati, naye anaisha kabla jua halijapanda.

Mke wangu Zawadi alizisikia habari hizo kisimani. Alirudi, akatua ndoo, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe? Na Shamsia? Mtoto?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Baba Salima, si bora wangekusingizia wizi! Wizi kidogo ungeaminika."

Zawadi anajua yote. Alikuwa nami Dar, aliushika mfuko wa mkojo kwa mkono wake. Lile jasho la ghafla linaloletwa na ile sindano liliponianza, yeye ndiye aliyenipa nafasi kwenye kipepeo chake cha ukili, akaniambia, "Karibu chamani, shoga yangu." Tukawa tunapepeana kwa zamu. Nilikuwa nimemwapisha asimwambie mtu, hata kaka yake, na alitunza kiapo.

Lakini kicheko chake kiliisha siku ya maulidi. Alikwenda amevaa vizuri, akarudi ameshika khanga mpya aliyopewa zawadi na wanawake wenzake. Akaitandaza mbele yangu. Imeandikwa: MWENZIO AMEJALIWA, WEWE UNALALIA NINI?

"Nimepewa mbele ya watu," akasema. "Mmoja kanishika bega kanipa pole. Wewe unatembea kifua mbele, mimi napewa pole."

"Maneno ya watu yatapita, Mama Salima."

"Yatapita wapi? Yamekwisha fika Mbwera. Haruni kapiga simu. Kesho anakuja kuvunja posa, mbele ya Mzee Abdalah."

Mzee Abdalah ni baba mdogo wa Shamsia, ndiye aliyepokea posa.

"Anavunja kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya pweza wako."

Asubuhi mapema nikaenda dukani. Shamsia alikuwa akifuta mizani. Macho yamevimba.

"Kanusha, mwanangu," nikamwambia. "Waambie huna mtoto Umwe."

"Nimekanusha mpaka sauti imekauka. Wananiuliza swali moja tu: hizo pampasi anazobeba Refa ni za nani?" Akaacha kufuta. "Niseme ni za nani, Refa?"

Nikatazama tena sukari.

"Nikikujibia, posa yangu inapona. Lakini nilikuahidi. Niseme?"

Na mimi, mbele ya mwanamke aliyenifundisha kuikata aibu yangu kwa mkasi, nikasema:

"Ngoja kwanza."

Akarudi kufuta mizani. "Haya. Nitangoja."

Nilitoka pale nikajiona mdogo kuliko pakiti yenyewe.

Adhuhuri ilipokwisha kusaliwa, Haruni akafika kwa bodaboda kutoka Nyamisati, alikoshukia boti, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kikao kikawekwa barazani kwa Shamsia. Mzee Abdalah alikaa kitini, fimbo katikati ya magoti. Zawadi na Shamsia walikaa mkekani. Mimi nilikaa ukingoni, nikibana. Basi la Kusini lilikuwa limesimama mbele ya duka, abiria wananunua korosho madirishani. Saidy na wenzake walikuwa wamezima pikipiki zao wote kwa pamoja, jambo ambalo halijapata kutokea.

Haruni hakuniamkia.

"Shemeji," akasema, "umemdhulumu dada yangu, umenidhulumu mimi, na umemharibia jina huyu mwanamke. Watatu kwa mpigo."

"Haruni, mtoto hayupo. Naapa."

"Kiapo chako sikitaki. Mimi ni fundi. Mashine ikitoa moshi, kuna kitu ndani. Nijibu moja tu, na ukinijibu naomba radhi hapahapa: hizo pampasi anavaa nani? Nitajie jina la mtoto."

Nikamtazama Shamsia. Alikuwa ameinama, anachora mkeka kwa kidole. Mdomo ameufunga. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, na bado alikuwa anangoja, kama alivyosema.

"Nitajie jina!" Haruni akapiga goti lake.

"Anaitwa Nassibu," nikasema.

Barazani ikapita pumzi kubwa.

"Kumbe!" Saidy akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Kampa jina lake!"

"Umempa na jina lako kabisa?" Haruni akasimama. "Ana umri gani huyo Nassibu?"

"Sitini na nne."

"Miezi sitini na nne?"

"Miaka, Haruni! Miaka! Ni mimi! Pampasi navaa mimi!"

Mzee Abdalah, ambaye masikio yake yalikwishastaafu kabla yangu, akaweka mkono sikioni.

"Amesema nini?"

Akanigonga na fimbo. "Sema tena, bwana mdogo. Mimi ndiye mwenye kikao."

Nikasogea. "Nimesema, mzee, pampasi navaa mimi!"

"Unauza wewe?"

"Navaa! Mimi! Nilipasuliwa tezi dume! Saratani! Mkojo unatoka wenyewe!"

Konda wa lile basi akazima muziki. Vichwa vikatoka madirishani, kimoja baada ya kingine, korosho mdomoni.

"Si ulisema ngiri?" Mzee Abdalah akauliza.

"Nilidanganya!"

"Na mtoto?"

"Hakuna mtoto, mzee! Siwezi kuzaa! Daktari kasema mbegu hazipo! Hata hiyo kazi yenyewe siiwezi tangu mwezi wa tatu!"

"Kazi gani?"

Nikamgeukia Zawadi kwa macho ya kuomba msaada. Zawadi akasimama, akajifunga khanga vizuri, ileile ya maulidi, akamwinamia mzee sikioni na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kiti cha nyuma cha basi:

"Jogoo hapandi mtungi, baba!"

"Aaa," akasema Mzee Abdalah, akitikisa kichwa taratibu. "Pole sana."

Haruni alikuwa bado amesimama, mdomo wazi. Nikaona uso wake una shaka, na nimekwisha kuanikwa kiasi kwamba hapakubaki cha kuficha. Nikaingiza kidole kiunoni mwa suruali, nikavuta juu kidogo. Bata akatokeza.

Mama mmoja dirishani akapiga kigelegele. Sijui ni kwa nini, nadhani alishindwa kuzuia. Basi zima likalipuka kwa kicheko. Saidy alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Refa," akaniita kwa unyonge. "Na yule pweza?"

"Sijala pweza toka mwaka juzi, mwanangu. Nisamehe."

Kisha ile sindano ikanipanda. Jasho likanimwagika kutoka utosini, machozi yakafuata, vyote kwa pamoja, na kwa kuwa nilikuwa pia nacheka, bata akapata kazi. Zawadi akanipepea kwa mfuniko wa sufuria.

Basi likaondoka. Abiria walinipungia mikono kama kiongozi wa serikali.

Haruni alikaa polepole. "Naomba radhi, shemeji. Kwa Mungu, naomba radhi." Akamgeukia Shamsia. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Nimetoka Mbwera kuja kukuvunjia posa mbele ya watu, na ulikuwa unajua? Mbona hukuniambia?"

"Haikuwa yangu niiseme," Shamsia akajibu. "Na wewe hukuniuliza, Haruni. Ulikuja na jibu."

Haruni akainamisha kichwa. Mzee Abdalah akataka atafsiriwe, akatafsiriwa, akapiga fimbo chini. "Sasa wewe binti, mtu kaomba radhi. Bado unamtaka au humtaki?"

Shamsia alimtazama Haruni muda mrefu, mpaka vumbi la kwenye nyusi likaanza kuteremka na jasho.

"Namtaka," akasema. "Kwa sharti moja. Mimi nyumba yenye kufichana siiwezi. Mume wangu wa kwanza aliniacha nikiwa wa mwisho kujua kila kitu. Safari hii chochote kinachokuhusu, nikijue mimi kwanza. Ukinificha, hata kama ni kidogo, narudi kwenye duka langu."

"Nakubali," Haruni akasema haraka.

"Ijumaa ijayo, basi," Mzee Abdalah akahitimisha. "Ndoa."

Zawadi akapiga kigelegele. Soda zikafunguliwa. Saidy alivuka barabara, akanipa mkono, akaniambia babu yake pia anaamka sana usiku, je, kipimo cha tezi kinafanyika wapi. Nikamwelekeza kwa Sista Petronila. Nilijisikia mwepesi, ukiacha bata, ambaye alikuwa mzito.

Nikazunguka nyuma ya duka kwenda chooni kubadilisha. Nikakuta mlango umefungwa, kuna mtu ndani. Nikasubiri.

Nikasikia tone. Kimya. Tone jingine. Kimya kirefu. Mtu anaguna kama anayesukuma mtumbwi uliokwama kwenye tope. Matone mawili. Kimya.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Haruni, jasho usoni.

Tukatazamana.

"Shemeji," akaniuliza kwa sauti ndogo, "hiyo yako ilianzaje?"

"Kama hivyo."

Akatazama nyuma yangu kuhakikisha tuko peke yetu. "Mimi ni mwaka wa pili sasa. Na wiki iliyopita ilitoka na damu."

"Haruni! Twende kwa Sista Petronila sasa hivi. Pengine si kitu, tezi huvimba tu kwa wengi. Lakini lazima upimwe."

"Nitapimwa. Baada ya Ijumaa."

"Na Shamsia? Hukusikia sharti lake?"

"Nimelisikia. Ndiyo maana nakuomba." Akanishika kiganja kwa mikono yake miwili yenye mafuta ya mashine. "Nikimwambia leo, ataniona mgonjwa kabla hajaniona mume. Wiki moja tu, shemeji. Wewe ulifichiwa. Nifichie na mimi."

Kabla sijajibu, nikasikia kandambili zinakuja. Shamsia alitokeza pembeni ya ukuta, ameshika chupa mbili za soda, anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Akatuona tulivyoshikana mikono mbele ya choo. Tabasamu likasimama.

Hakumtazama Haruni. Alinitazama mimi.

"Refa," akasema, "mbona mmenyamaza?"

Haruni akaniminya kiganja. Nikafumbua mdomo.